Watoto wetu wa Kampala na Kiingereza chao

Wengi wenu mmeniuliza kwa simu jinsi watoto wa kwetu wanavyoishi huku, na kama ni kweli kwamba wanasahau Kifaransa. Nitajibu, lakini nitaanza na mambo yanayonifurahisha, kwa sababu habari za shida mnazipata kila siku bila mimi.

Kwanza mahali penyewe. Kampala ni mji wa vilima kama Bukavu, ila ziwa halionekani kutoka kila mlango. Wakongomani wengi tunakaa upande wa Nsambya na Katwe. Nsambya iko juu kilimani, Katwe iko chini bondeni, na mvua kubwa ikinyesha maji yote yanawashukia watu wa Katwe. Katwe ni mtaa wa mafundi wa vyuma. Kutoka asubuhi wanagonga bati, wanatengeneza milango, masufuria na yale masanduku ambayo wanafunzi wa bweni wanapeleka shuleni. Saa ya huku inatangulia ya kwetu: kwenu ikiwa saa sita, huku ni saa saba. Na magari yanapita upande wa kushoto. Kwa hiyo somo la kwanza la Kiingereza kwa mtoto aliyefika juzi ninalifanya kando ya barabara, bila tablo wala kaye: «right», kulia, «left», kushoto, halafu kulia tena. Mtoto aliyezoea kutazama upande mmoja tu anaweza kugongwa na pikipiki kabla hajajifunza neno la pili.

Ninafundisha katika chumba ambacho kanisa linatuazima kuanzia saa kumi na moja jioni, watoto wakisha kutoka masomo. Tuna tablo moja na mabenchi sita. Watoto ni 20, siku nyingine 30, inategemea mvua. Wanatoka Bukavu, Uvira, Goma, Bunia, na wawili wanatoka Lubumbashi, wanaochekwa na wenzao kwa Kiswahili chao, na wao pia wanawacheka wenzao.

Sababu ya hii kalasi ni rahisi kueleza. Katika shule za mjini Kampala, mtoto anafundishwa kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, na mtihani wa mwisho wa P7 ni kwa Kiingereza. Wa kwetu anafika na Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shuleni. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya shule ya msingi sawa na mtoto wa hapa, na hilo ni jambo kubwa, tuwashukuru. Mlango uko wazi. Swali ni: atakaa darasa gani?

Mwaka jana alifika msichana mmoja wa miaka 12. Kwetu alikuwa amemaliza mwaka wa tano wa primeri, na buletini yake ilikuwa nzuri kuliko yangu ya zamani. Shule iliyompokea ilimweka P2. Magoti yake hayakuenea chini ya meza. Wenzake walikuwa wakijumlisha na kutoa, yeye anajua kugawanya. Alikuwa anamaliza hesabu zake na kukunja mikono. Siku moja mtoto mdogo wa kalasi hiyo alisimama mbele yake na kumwomba ruhusa ya kwenda kukojoa, akidhani ni mwalimu. Aliponieleza hilo hakulia. Alisema tu: «Mwalimu, mimi si mjinga. Ni maneno ndiyo sina.»

Tukaanza kutafuta maneno. Na hapa, wamama, ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa sababu Kiingereza kikiingia katika kinywa cha mtoto wa Kivu hakifiki kama kilivyotoka.

Chukua ile sauti ya «th», ya «three» na «thank you». Kwetu tunasema salasini, tunaacha thelathini kwa watu wa pwani. Ili kupata sauti hiyo lazima utoe ulimi kidogo katikati ya meno. Watoto walitazamana. Nyumbani, mtoto anayemtolea mtu mkubwa ulimi anapigwa! Niliwapa ruhusa, wote 24 wakanitolea ulimi kwa pamoja, na mama mmoja aliyepita mlangoni akasimama kuuliza kama kuna ugonjwa.

Au chukua «hungry» na «angry». Moja ni njaa, nyingine ni hasira. Mtoto anayesema «apana» mahali pa hapana hatofautishi. Mvulana mmoja wa Uvira alikuwa anamwambia mwalimu wake wa asubuhi kila saa nne kwamba ana hasira. Mwalimu akaita mzazi. Mama akafika na hofu, kumbe mtoto alikuwa anaomba uji tu. Tangu siku hiyo tunaweka kiganja mbele ya midomo na kupuliza: upepo ukigusa kiganja, umesema njaa.

Kingine kinachowasumbua ni «he» na «she». Kiswahili chetu hakijali kama mtu ni mwanaume au mwanamke: amekuja, amekula, basi. Kwa hiyo watoto wanaandika habari ndefu za mama zao, na mama ni «he» mpaka mwisho. Nilipoeleza kwamba Mwingereza hawezi kufungua kinywa juu ya mtu bila kwanza kutangaza kama ni mume au mke, mtoto mmoja aliuliza: «Na kama haujui?» Ni swali zuri, na sina uhakika Waingereza wenyewe wamelimaliza.

Kuhesabu ndiko wanakoshinda. Sisi Wakongo tulirithi septante na nonante kwa Wabelgiji, kwa hiyo «seventy» na «ninety» haziwatishi. «Sixty» inafanana na sitini. Lakini furaha kubwa ni themanini. Mtoto aliyehangaika miaka mitatu na quatre-vingts, yaani ishirini mara nne, anaambiwa kwamba kwa Kiingereza ni «eighty», nane na mkia kidogo. Mmoja alipiga makofi.

Herufi zisizosomwa ni jambo jingine. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, ni lugha ya haki. Katika «knee», goti, na «knife», kisu, ile k ya mbele iko pale lakini haisemi kitu. Tunaiita herufi iliyolala. Mtu akiisoma, wenzake wanamwambia polepole: «Umeiamsha.»

Halafu kuna Kiingereza cha Uganda chenyewe, ambacho hatukufundishwa ISP. Wazungu wangeshangaa, lakini watoto wetu wanakielewa mara moja, kwa sababu ndani yake ni cha Kiafrika. Mtu ambaye hamjaonana siku nyingi anakuambia «You are lost», yaani umepotea sana. Ukimkuta mtu anafagia unamwambia «Well done», kama sisi tunavyosema pole na kazi. Ukirudi nyumbani unapokelewa kwa «Well be back». Na «sorry» ni pole tu: ukijikwaa, hata ambaye hakukugusa anakuambia «sorry». Nilimwona msichana yule akisikia «You are lost» mara ya kwanza. Alicheka, akaniambia: «Mwalimu, hii ni Kiswahili!» Kidogo ana haki.

Hata chakula kinafundisha. Kando ya barabara wanauza chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, na jina lake ni rolex. Si saa ya mkono. Inatoka kwa maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakasemwa haraka haraka mpaka yakawa hivyo. Watoto walinipa somo hilo, siyo mimi niliyewapa, na walidai tulimalize kwa kula.

Jumamosi moja kwa mwezi tunakwenda sokoni. Kila watoto watatu wanapata shilingi 2.000 za Uganda, na lazima wanunue fungu la nyanya kwa Kiingereza. Mara ya kwanza mtoto mmoja alijitayarisha njia nzima: «How much are the tomatoes, please?» Mama wa soko akamtazama kwa upole na kujibu kwa Kiganda: «Nkumi bbiri, nnyabo.» Mtoto akageuka kwangu na macho makubwa. Lakini dada yake mkubwa alikuwa amekaa Katwe miezi mitano. Akamsalimu mama yule kwa Kiganda, akaonyesha vidole viwili, akaomba nyongeza kwa Kiswahili, akashukuru kwa Kiingereza. Wakapewa nyanya mbili juu. Kiingereza kinafungua darasa, lakini nyongeza sokoni inatafutwa kwa lugha zote.

Wamama nao wameanza kuingia. Wengi wao wanauza vitenge, wanatembea navyo mabegani kutoka ofisi moja hadi nyingine. Walikuwa wanakuja kuchukua watoto, wanasimama nyuma, sasa wanakaa. Wanataka maneno ya kazi: yadi sita, bei ya mwisho, rangi haitoki, lipa nusu leo. Wanajifunza kwa haraka kuliko watoto wao, maana wanayatumia kesho yake asubuhi. Mmoja aliniambia jambo lililonikaa moyoni. Amechoka kwenda hospitali na mtoto wake wa miaka tisa kama mkalimani, kwa sababu kuna magonjwa ya mwanamke ambayo mtoto hapaswi kuyatamka. Wiki ile tuliacha nyanya na vitenge, tukafunga mlango, tukajifunza maneno ya mwili, sisi wamama peke yetu.

Turudi kwa msichana wetu. Tuliomba shule impime tena mwisho wa mwaka, na walikubali, ni haki kulisema. Mwezi wa kumi na mbili alifanya mtihani wa hesabu, wa sayansi na wa kusoma. Mama yake alitaka P5. Walimpa P4. Mama alikasirika, na hesabu yake ni sahihi: msichana atafika mtihani wa P7 akiwa na miaka 16, wakati wenzake wa kwetu watakuwa mbali katika sekondari. Mimi naona kwamba katika P4 atasoma akielewa, na mtoto anayeelewa anaweza kurukishwa darasa tena. Hatujakubaliana, mama yake na mimi. Msichana mwenyewe aliuliza jambo moja tu: kama meza za P4 ni refu.

Sasa Kifaransa. Ni kweli, kinawatoka. Baada ya mwaka mmoja wanaanza kuandika «school» mahali pa école, na baada ya miaka miwili hawataki tena kusoma barua ya babu. Ndiyo maana siku ya Ijumaa ninafuta Kiingereza chote kwenye tablo na tunafanya imla ya Kifaransa. Wamama wengine wananiambia ninapoteza wakati. Nawajibu kwamba hakuna aliyetuambia tutakaa hapa miaka mingapi, na mtoto atakayerudi bila Kifaransa tutamkuta tena na magoti yake juu ya meza, safari hii upande wa kwetu.

Kwa wale kati yenu wanaopanga kumtuma mtoto kwa shangazi yake huku: mpeni buletini zake zote zenye muhuri wa shule, na cheti cha kuzaliwa kama kipo. Mwaka wa shule huku unaanza mwezi wa pili, siyo wa tisa, basi akifika mwezi wa kumi na mbili anapata majuma ya kujifunza maneno kabla hajapimwa. Mfundisheni mapema kuhesabu kwa Kiingereza mpaka 100, hata kama ninyi wenyewe mnajifunza naye. Na kama nafasi inabaki katika mfuko, tieni sambaza kavu. Huku wana mukene, samaki wadogo wa ziwa lao, tunawala, lakini watoto wanasema hawana chumvi ya nyumbani.