Mavazi ya Mgeni katika Ngoma ya Flamenco

Granada, mji wa kusini mwa Hispania, ndiko liliko kasri la Alhambra, walilolijenga wafalme wa Kiislamu ambao utawala wao ulikoma mwaka 1492. Ng'ambo ya bonde tulipanda kilima cha Sacromonte, ambako usiku huchezwa ngoma ya flamenco ndani ya mapango. Je, mtazamaji avae nini?

Vijana hudhani ni lazima kununua lile gauni la marinda. Sivyo. Hilo ni vazi la mchezaji, na la wanawake wa Sevilla katika sikukuu yao iitwayo Feria. Mtazamaji hakuwekewa sare. Nguo safi ya heshima yamtosha: gauni refu na mtandio kwa mwanamke, shati na suruali kwa mwanamume. Viatu na viwe vya kisigino kifupi, kwani njia ni za mawe na zapanda mlima. Pangoni mna joto, nje kuna baridi. Basi chukueni shali.

Enyi vijana, msiivue stara yenu kwa kudhani kuwa mwenyeji ataka hivyo. Atakalo ni adabu: mtulie, wala msipige makofi ovyo, kwani makofi ya wachezaji ni sehemu ya muziki wao.