Nahamisha kijiji na Starlifter

Kazi ya saikolojia ya elimu bado haijaguswa, ila hili lazima niwape.

Wiki nzima tunashindana kurusha ndege kwenye kompyuta, wanne hapa hosteli. Njia ni ile ya mbio za 1934, Mildenhall kule Uingereza mpaka Melbourne. Lazima utue Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Umeme ukikatika ukiwa angani, kipande chote unarudia.

Wenzangu wamechukua ndege za kivita. Mie C-141 Starlifter, dege la mizigo la jeshi la Marekani, injini nne, lilianza kuruka 1963 likastaafishwa 2006. Wakanicheka eti nahamisha kijiji. Haya, chekeni! Hata 1934 aliyeshika nafasi ya pili ni DC-2 ya KLM, ndege ya abiria. Hao jamaa njiani wanashuka kutafuta mafuta, mie Baghdad hadi Allahabad napita moja kwa moja.

Shughuli ilikuwa Darwin, jana usiku. Nijaze mafuta ya kufika Melbourne kabisa, halafu nitue Charleville, kiwanja kidogo, nikiwa mzito? Au nichukue machache, nipoteze muda kujaza tena? Nikachukua machache. Kama masaa matatu angani, taa za chumbani zikapepesa mara mbili, roho mkononi. Nikagusa lami, breki zote, likasimama njia imebaki kiduchu.

Anayenifuata bado yuko Darwin. Leo usiku Melbourne, umeme ukiwepo.