Alasiri za Sebleni

Muziki wa nyumba ya wazee una saa yake. Asubuhi haifai, maana asubuhi ni ya kuoga, chai na dawa. Mchana watu wamejilaza. Usiku kila mwenye redio anataka taarifa yake ya habari na hapendi kuingiliwa. Inabaki ile nafasi kati ya sala ya Alasiri na adhana ya Magharibi, wakati joto limepungua na watu wametoka vyumbani kukaa barazani. Hapo ndipo nilipokuwa nikipiga kinanda Sebleni, mjini Unguja, kuanzia mwaka 2009. Nimepiga harusi nyingi na nimelipwa vizuri, lakini hakuna kazi ya muziki niliyoipenda kama ile.

Nyumba za wazee za Sebleni zilianzishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, ziwe makaazi ya wazee wasiokuwa na wa kuwatunza. Mgeni huuliza vipi mzee akose mtu katika kisiwa ambacho nusu ya watu wanaitana binamu. Jawabu liko kwenye mikarafuu. Kwa miaka mingi mashamba ya Unguja na Pemba yalivuta vibarua kutoka Bara na mbali zaidi: Wanyamwezi, Wamakonde, Wayao, Wanyasa, Wamanyema. Walikuja kuchuma karafuu, kupalilia, kubeba magunia bandarini, kusukuma magari ya hamali. Msimu ukaisha, wengine hawakurudi. Walioa, wakaachana, wakazikana, na siku moja mtu akajikuta ana miaka 80, hana shamba wala mtoto, na kijiji alichozaliwa kiko ng'ambo ya bahari na waliokuwa wakimjua huko wamekufa wote. Watu wa namna hii nilikuwa nao barazani, wakichanganyika na wenyeji wa mjini na wa shamba. Ndiyo maana hakuna wimbo mmoja uliowahi kuwa wa wote.

Nilikuja na nyimbo ambazo mimi naziita za zamani, zile nilizozisikia utotoni redioni na kwenye harusi za shangazi zangu, za miaka ya 70 na 80. Bibi mmoja aliyekuwa akikaa karibu na mlango, kanga yake ya pili mabegani, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, "Nzuri, mwanangu. Za vijana hizo."

Basi nikakaa nyumbani nikapiga hesabu. Mtu mwenye miaka 85 mwaka 2009 alizaliwa 1924. Ujana wake, ule wakati ambao wimbo unaingia moyoni na hautoki tena, ulikuwa baina ya 1935 na 1950. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 na akafariki 1950. Maana yake bibi yule alikua santuri za Siti zikilia kwenye gramafoni za mikahawa, na alikuwa mama mzima tayari redio ya Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951. Nyimbo zangu za miaka ya 80 zilimkuta na umri wa kuwa na wajukuu. Kwa hiyo nikaanza kuwatafuta wapigaji wakongwe wa mjini, wanaume wa fidla na akodioni, wanitie sikioni vipande vya nyuma zaidi. Wengi waliniimbia kwa mdomo tu, tumekaa vibarazani, nami nikirudi nyumbani kuvitafuta kwa vidole.

Kinanda changu kikubwa kilitoka Dubai, kama vinanda vingi vya taarabu. Kilitengenezwa kwa ajili ya soko la Arabuni, na faida yake ni moja: kina vitufe vya kushushia sauti nusu ya nusu, mpaka ikae pale katikati, baina ya kibao cheupe na cheusi. Taarabu haiwezi bila sauti hizo. Wimbo ulio kwenye ngazi ya hijazi au nahawandi utapigika kwenye kinanda chochote cha Kizungu na hakuna atakayelalamika. Ulio kwenye rasti au bayati hautapigika, kwa sababu sauti zake muhimu zinaishi mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kibao.

Disemba 2009 umeme wa Unguja, ambao unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, ukakatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waliokuwapo wanaikumbuka miezi ile: jenereta zikinguruma Darajani kutwa, maji hayatoki kwa kuwa pampu hazina nguvu, ndoo zimepangwa mstari kwenye kila kisima. Kinanda kikubwa kikawa samani. Nilikuwa na kidogo cha mazoezi kinachotumia mawe ya redio, mawe makubwa sita, bila vitufe vya Kiarabu. Nikapakia kwenye daladala nimekipakata, nikaenda.

Siku hiyo nilianza na wimbo wa rasti, nikiamini kwamba baraza ile haitajali. Bibi wa mlangoni akainua mkono. "Hapo," akasema, "hapo inakwaruza." Akaniimbia mstari ule peke yake, kwa sauti iliyokwishachoka, na pale kwenye sauti ya tatu akaiweka palepale inapotakiwa, si juu wala chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba ujanani alikuwa mwimbaji wa chama cha wanawake. Nikamuuliza, "Bibi, hiki kinanda sauti hiyo hakina. Nifanyeje?" Akanijibu kama anayemwambia mtoto asimwage maji: "Usiipige. Niachie mimi."

Ndivyo tulivyopiga miezi yote ya giza. Kwenye rasti nilishika mwanzo wa ngazi, sauti ya pili, ya nne na ya tano, na kila wimbo ulipofika kwenye sauti ya tatu au ya saba niliondoa kidole, na ile nafasi ikajazwa na yeye, na wenzake wawili watatu waliokuwa wakiijua. Kinanda chenye pengo kikawafanya waimbe. Kile kikubwa, chenye kila sauti, kilikuwa kikiwafanya wasikilize tu. Umeme uliporudi nilirudi na kinanda cha Dubai, lakini vitufe vile vya Kiarabu pale barazani sikuvitumia tena isipokuwa wanapokuwa wamechoka.

Toka hapo nikaanza kupunguza na mengine. Cha kwanza ni ngoma za ndani ya kinanda. Kila mpigaji wa siku hizi anazijua: unabonyeza, mdundo unaanza, besi inafuata, unabaki kupamba juu. Harusini zinafaa. Lakini mashine haisubiri. Mzee anayeimba huvuta pumzi katikati ya neno, husimama kukumbuka ubeti, hukohoa, huanza tena pale alipoachia, na mdundo umeshakwenda zake. Nilipouzima, mkono wangu wa kushoto ukawa ndio besi, na besi yenyewe ikawa inamtazama mwimbaji usoni kabla ya kushuka. Hii ndiyo sababu siamini kwamba kanda au simu yenye nyimbo elfu inaweza kushika nafasi ya mtu mwenye kinanda mbele ya wazee. Kanda inamwimbia mzee. Mtu anaweza kumngoja.

Sauti nazo zinashuka. Bibi aliyeimba juu akiwa na miaka 20 hawezi kupanda huko akiwa na 80, na akijaribu akashindwa atanyamaza kwa haya, hutamsikia tena. Vinanda vina kitufe cha kuhamisha wimbo mzima, na mimi nilijifunza kuushusha kabla ya kuulizwa, nusu kwa nusu, mpaka shingo ya mwimbaji ilegee. Na masikio: uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Mtu anakuambia hasikii, unaongeza sauti, anaziba masikio kwa sababu sasa inamuumiza. Kumbe tatizo halikuwa udogo wa sauti, ilikuwa ni fidla zangu za juu. Nikahama chini oktavu moja, nikachagua sauti ya akodioni ambayo ni nene na ina pumzi, na watu wa mwisho kabisa wa baraza wakaanza kutikisa miguu.

Mzee mmoja wa pwani ya Ziwa Nyasa hakuwa akijali taarabu hata kidogo. Alikuwa kuli wa bandarini enzi zake, mabega mapana mpaka uzeeni, na kwa muda mrefu alikaa amenipa ubavu. Siku moja nilikuwa nikijaribu sauti za tarumbeta, akageuka. "Unajua mganda?" Nikamwambia siujui. Akanieleza: vijana wamepanga safu kama askari wa gwaride, kaptula nyeupe na soksi ndefu, ngoma kubwa, na vibuyu vyenye utando ambavyo ukiviimbia ndani vinalia kama matarumbeta ya jeshi. Ngoma ile ilitokana na bendi za wakoloni wakati wa Vita vya Kwanza na baada yake, nayo ni jamaa ya beni ya huku pwani. Akaanza kupiga juu ya meza kwa kiganja na ngumi, nami nikatafuta tarumbeta. "Hapana. Chini. Sasa ngoja. Hapana, umewahi." Tulikwenda hivyo mpaka karibu na adhana. Nilichopiga hakikuwa mganda kamili na hakunificha hilo, lakini alisimama, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akapiga hatua tatu za gwaride na kugeuka kwa heshima zote. Wanawake wakapiga vigelegele. Kuanzia hapo aliniita "bendi". "Bendi imekuja," anasema, hata kabla sijashuka kwenye daladala vizuri.

Sitamwambia mtu kwamba muziki uliponya maradhi. Waliokuwa wakiumwa waliendelea kuumwa, na kila nilipokosa wiki moja mbili nilirudi nikakuta kiti kimekaliwa na mwingine. Wapo pia wasioutaka. Mzee mmoja alikuwa mtu wa uradi, na muziki kwake ni jambo la kuepukwa. Tulikubaliana kwamba kabla sijaanza nitamwamkia, "Shikamoo babu, naanza," naye ataitikia, "Marahaba," na kuingia ndani taratibu bila kuonekana kufukuzwa. Nyumba ile ni yake kama ilivyo ya wenzake, na haki ya kukaa kimya ni haki. Mwezi wa Ramadhani sikupeleka kinanda kabisa. Nilikwenda mikono mitupu, nikakaa, na mwezi huo ndio niliozungumza naye zaidi kuliko miezi yote.

Kuna jambo la kutunza. Taarabu bila kutunza haijatimia: mtu akiguswa na ubeti hunyanyuka akicheza polepole, noti mkononi, akaja kumtunza mwimbaji au mpigaji mbele ya macho ya watu. Bibi mmoja, mwembamba, asiyesema sana, alisimama katikati ya wimbo, akaja kwa madaha yale yale ya ukumbini, mkono juu, akafungua pindo la kanga yake na kuweka shilingi mia juu ya kinanda. Nilisita, kwa kuwa niliijua mia ile inatoka wapi na ilikuwa na kazi gani. Mlezi aliyekuwa karibu akaninong'oneza, "Pokea. Usimvunjie heshima." Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaupiga ubeti wake mara ya pili kama inavyopasa kwa aliyetunza. Akarudi kitini ametukuka. Wiki zilizofuata wengine nao wakaanza: shilingi hamsini, andazi lililofungwa kwenye karatasi, kishada cha asumini kilichochumwa uani. Nilipokea vyote. Mtu ambaye kwa miaka anapewa chakula, anapewa nguo, anapewa dawa, alipata alasiri moja ya kuwa yeye ndiye mtoaji, na mimi nisingemnyima hilo kwa kujifanya muungwana.

Bibi wa mlangoni alikuwa na mpinzani. Yule mwenzake alikaa upande wa pili wa baraza, karibu na mtungi, na ujanani mmoja alikuwa mtu wa Sahib el-Ari na mwingine wa Nuru el-Uyun, vyama viwili vya taarabu vya wanawake vilivyopigana vijembe kwa nyimbo hadi mji mzima ukagawika. Sasa walikuwa wanakula sahani moja na kuazimana mafuta ya nazi, lakini kinanda kikilia ugomvi unafufuka. Mmoja akimaliza ubeti mwingine anaujibu, na baraza inacheka, na wale Wanyamwezi na Wamakonde ambao hawakuwahi kuwa na chama chochote wanachagua upande. Wakanituma kila mmoja wimbo wake wa kuutafuta, na sharti kwamba wa mwenzake usitangulie. Nilizipata zote mbili, mmoja kwa mzee wa Malindi na mwingine kwa mjane wa Kikwajuni. Siku ya kuzipiga nikasema naanza na wa aliye mkubwa kwa umri, nikidhani nimepata suluhu. Hakuna aliyekubali kuwa ndiye mkubwa. Walibishana kuhusu mvua ya mwaka gani nani alikuwa ameshavunja ungo, mzee wa mganda akaitwa atoe ushahidi ingawa alifika Unguja baadaye sana, na adhana ikatukuta hatujapiga hata mmoja.