Nyumba ya Kiitalia Chini ya Mvua ya Kakamega

Mwezi uliopita nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Kakamega kumjulia hali dada yangu mkubwa, ambaye mwanawe anamjengea nyumba. Ukishaipita Kisumu, barabara hupanda vilima vya Vihiga baina ya miamba na migomba, na hewa ya ziwani huachwa nyuma.

Mpwa wangu alinipeleka kiwanjani hata kabla ya chai. "Mjomba," akasema, "hii ndiyo nyumba ya Kiitalia." Nguzo nne nene zilikuwa zimesimama mbele, na nyuma yake kuta za matofali ya kuchoma. Nilipoingia mlangoni niliona kwa jicho moja sebule, mahali pa kulia na jiko. Chumba cha dada kilikuwa ghorofani.

Usiku dada akaninong'oneza: "Nyumba ni nzuri, lakini wakija wageni nitajisitiri wapi? Na ngazi zile magoti yangu hayaziwezi." Hakutaka kumvunja moyo mwanawe.

Kulipopambazuka, baada ya Sala ya Alfajiri, nikakaa na kijana. Nilimweleza kwamba nguzo za namna ile zilipata sifa kwa majumba ya mashambani ya Andrea Palladio. Villa Rotonda, aliyoianza katika miaka ya 1560 nje ya mji wa Vicenza, ina nguzo sita kila upande kwa kuwa iko juu ya kilima, na mwenyewe alitaka kutazama mandhari pande zote nne. Lakini Waitalia wa mjini walijenga vingine. Palazzo Medici ya Firenze, iliyoanzwa mwaka 1444, imeipa barabara ukuta mzito wa mawe. Uzuri wake umo ndani, katika ua uliozungukwa na matao. Je, hiyo si jamaa ya nyumba zetu za Lamu, zenye daka mlangoni na kiwanda ndani, ambamo mpita njia haoni kitu?

Fundi mwashi, mwenyeji wa pale, naye akatia neno. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi huja na mawe. Paa lisilo na upenu mpana litaacha ukuta unywe maji. Wazee wake, alisema, waliteremsha nyasi za msonge mbali na ukuta ili udongo usirowe.

Kijana alinyamaza kitambo, kwani fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kuingia katika nguzo zile. Hatimaye waliafikiana hivi: nguzo zibaki, lakini zibebe paa pana, na chini yake pawe baraza. Nyuma ya mlango ujengwe ukuta wa kukinga macho. Marumaru ya kuagiza iachwe, sakafu iwe ya terazo, ufundi uliokuzwa Venezia kwa vipande vya marumaru vilivyosalia kazini. Fedha itakayookolewa ijenge chumba cha mama chini, chenye mlango wa kutokea uani.

Dada alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: "Uani patakuwa na nafasi ya mkeka?"

"Ya mikeka miwili, mama," akajibu mwanawe.

Nami nikaanza kufunga mizigo ya kurejea pwani.