Mti Ugemwao Penye Theluji

Watoto wangu wanakijua Kiswahili cha nyumbani: njoo, kula, lala, acha kelele. Neno "kugema" hawakuwa nalo. Hapa Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, hakuna mnazi wala mgema, na neno lisilo na kitu cha kulishikilia husahaulika upesi. Ndipo mwezi Machi tukaenda, mimi na mama yao na watoto watatu, kumtazama mkulima mmoja akigema miti iitwayo mepo, ambayo utomvu wake hupikwa shira.

Mti haugemwi mpaka shina lifikie upana wa sentimita 30 hivi, nao huchukua yapata miaka 40 kufika hapo. Hutobolewa tundu fupi, likatiwa bomba dogo. Usiku kukiganda na mchana theluji ikiyeyuka, utomvu hutiririka. Msimu ni wiki nne hadi sita tu. Machipukizi yakianza kufunguka, ladha huharibika.

Binti yangu mdogo alionja utomvu akakunja uso. "Baba, haya ni maji!" Kweli, sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Ndani ya kibanda kilichojaa mvuke tuliiona kazi iliyobaki: lita 40 hivi huchemshwa ili kupata lita 1 ya shira. Wenyeji wa asili wa nchi hii, wakiwamo Waabenaki, waliigema miti hiyo kabla ya Wazungu kufika.

Nikawaeleza wanangu habari za babu yao wa Kilifi, aliyekwea minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Na kwamba tembo tamu, kabla halijachacha, likichemshwa huwa asali. Mkubwa akauliza, "Kumbe babu alikuwa na kazi kama ya huyu?" Nikamwambia naam. Hakuwahi kumwona babu yake, lakini njiani kurudi aliniuliza habari zake kuliko miaka yote iliyopita.

Wengi wetu tulio ugenini hudhani lugha ya watoto itaokolewa kwa makaripio: "Sema Kiswahili!" Mimi naona neno hutaka kwanza kuonekana, kuguswa na kuonjwa. Juzi binti mdogo alichukua kikombe, akasema anakwenda kugema bomba la jikoni. Sikumsahihisha. Neno ambalo mtoto analichezea limekwisha kupata makao.