Reli Zilizonusurika

Kitu kinapomaliza kazi yake duniani hupatwa na moja katika mambo matatu: hutupwa, au huwekwa, au huendelezwa. Kutupa ni rahisi, kwa kuwa hakuhitaji ila mkono mmoja. Kuweka kunahitaji nafasi na kufuli. Kuendeleza ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu kunahitaji watu, tena watu wanaorithishana kazi. Jambo hili nilikuwa nikilijua kwa maneno, lakini nililiona kwa macho yangu katika kiangazi cha mwaka 2018, nilipokuwa mjini Birmingham, Uingereza, kwa masomo ya ualimu. Kila Jumamosi nilichukua kamera, mkate na chupa ya chai, nikatoka alfajiri kwenda kutazama na kupiga picha reli za kale, nikarejea usiku ukiwa umeingia.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza walisafiri kwa magari ya moshi yaliyovutwa na injini za mvuke. Baadaye zikaja injini za dizeli na za umeme, na motokaa na malori yakazinyang'anya reli abiria na mizigo. Mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya Richard Beeching, mkuu wa reli za taifa, iliyoshauri zifungwe stesheni zaidi ya 2,000 na njia za kadiri ya kilometa 8,000. Mnamo Agosti 1968 mvuke ukakoma katika njia za upana wa kawaida za taifa. Injini zilizokuwa fahari ya nchi ziliuzwa kwa uzito wa chuma, kama sufuria kuukuu. Katika uwanja mmoja wa vyuma chakavu huko Barry, kusini mwa Wales, mamia ya injini yalisimama miaka mingi katika upepo wa chumvi yakingoja kukatwakatwa. Hata hivyo, injini 213 ziliokolewa katika uwanja ule. Waliozinunua hawakuwa serikali wala matajiri peke yao. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliochanga fedha kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia ya kuokoa ilikuwa imekwisha kufunguliwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Huko Wales iko reli ndogo iitwayo Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kuchukua mawe membamba ya kuezekea nyumba kutoka milimani hadi mji wa Tywyn ulio pwani. Upana wa njia yake haufiki sentimeta 70, hali reli yetu ya zamani ya Mombasa ina upana wa meta moja kamili. Machimbo ya mawe yalifungwa mwaka 1946, na mwenye reli, Sir Haydn Jones, alipofariki mwaka 1950, kila mtu alidhani reli nayo itazikwa pamoja naye. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo watu walikutana mjini Birmingham, miongoni mwao mwandishi L. T. C. Rolt, wakaazimia kuiendesha wenyewe bila mshahara. Tarehe 14 Mei 1951 wakatoa gari lao la kwanza. Walikuwa na injini moja tu iliyoweza kwenda, nayo ni Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866. Ndiyo reli ya kwanza ulimwenguni kuokolewa na watu wa kujitolea.

Nilikwenda Tywyn siku moja ya mwezi Julai, safari ya karibu saa nne kutoka Birmingham, na mwisho wake njia hupita ukingoni mwa bahari. Gadi wa gari letu, aliyevaa kizibao cheusi na saa ya mnyororo, aliniambia kuwa siku nyingine zote alikuwa mhasibu. Aliyekata tiketi yangu alikuwa mwalimu kama mimi. Nilistaajabu kuona watu wakitumia likizo yao kubeba mataruma na kung'oa magugu, kisha wakashukuru kwa kupewa kazi hiyo.

Reli niliyoizuru mara nyingi zaidi ni ile ya bonde la mto Severn, kwa kuwa haiko mbali na Birmingham. Hutoka Kidderminster na kufuata mto hadi Bridgnorth, mwendo wa kilometa 26. Ilifunguliwa mwaka 1862, ikaacha kuchukua abiria mwaka 1963, nayo kuanzia mwaka 1970 ikafufuliwa sehemu kwa sehemu na watu wa kujitolea. Mwezi Juni mwaka 2007 mvua kubwa ilibomoa matuta ya reli mahali pengi, na njia ikabaki ikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Michango ikatoka kila upande, kazi ikafanywa, na mwezi Machi mwaka 2008 magari yakapita tena njia nzima.

Karibu na stesheni ya Arley pana daraja la chuma liitwalo Victoria, lililokamilika mwaka 1861, nalo huuvuka mto kwa upinde mmoja wa meta 61. Hapo ndipo wapiga picha hukusanyika. Kwao nilijifunza mambo ambayo darasani tungeyaita fizikia. Mvuke wenyewe hauonekani. Tazama birika linalochemka: kati ya mdomo wake na lile wingu jeupe pana nafasi tupu, na katika nafasi hiyo ndimo mvuke ulimo. Wingu tuonalo ni matone madogo ya maji, baada ya mvuke kupoa. Kwa hiyo adhuhuri ya kiangazi, hewa inapokuwa ya joto, injini huonekana kana kwamba haipumui. Lakini asubuhi ya baridi hujifunika nguo nyeupe. Mpiga picha mzuri hutafuta pia mlima, kwa sababu hapo injini hujikaza. Na hulipa jua kisogo, ili magurudumu meusi yasipotee katika kivuli.

Nilikwisha kupata picha nzuri nyingi kabla ya siku niliyoingia, kwa ruhusa ya wasimamizi, katika karakana ya Bridgnorth. Ilikuwa mapema sana, na moto ulikuwa umewashwa saa kadhaa kabla yangu, kwa kuwa chombo kile hakiamshwi kwa ufunguo kama motokaa. Mzee mmoja alikuwa akimfundisha msichana wa miaka kama 20 kuingiza maji katika injini. Maji hayo husukumwa na nguvu ya mvuke wenyewe kupitia bomba la ajabu: likishika vema huimba kwa sauti moja, lisiposhika hutema maji chini. Msichana aliinama nje kutazama. Mzee akamwambia, "Usitazame kwanza. Sikiliza." Akafunga, akafungua tena, na safari hii msichana akafumba macho. Bomba lilipoimba wote wawili wakacheka. Niliinua kamera nikawapiga picha, na palepale nikatambua kuwa jambo kubwa lililotokea mbele yangu halikuingia katika picha ile. Sauti haipigwi picha. Ujuzi ulikuwa umetoka katika sikio moja kwenda katika sikio jingine, na kamera yangu ikaona watu wawili wakicheka tu.

Nikamkumbuka babu yangu, mzaa mama. Alikuwa mchochea moto katika reli ya Afrika ya Mashariki, naye alifariki nikiwa bado mchanga. Nyumbani kwetu imebaki picha yake moja: amesimama kando ya injini kubwa, mkono wake umeegemea chuma kana kwamba anamshika ng'ombe wake. Picha hiyo yasema kuwa alikuwapo. Haisemi alijua nini.

Injini zile alizozihudumia ziliundwa Manchester, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikiitwa kwa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, nazo zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja. Hazikupata kuwako injini za mvuke kubwa kuliko hizo katika reli za upana wa meta moja popote duniani. Chombo cha kuchemshia maji kiliwekwa katikati, na mafungu mawili ya magurudumu yakawekwa mbele na nyuma, yakiweza kugeuka kila moja peke yake; kwa hiyo jitu lile liliweza kupinda katika kona za njia inayopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Moto wake haukuwa wa makaa bali wa mafuta, na kuutunza kulitaka jicho la kutazama rangi ya moshi na sikio la kusikiliza maji. Mbili kati ya hizo, Mount Gelai na Mount Shengena, zimewekwa katika makumbusho ya reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mtu yeyote aweza kwenda kuzitazama na kuzigusa.

Nazisifu juhudi za waliozihifadhi, maana bila wao zingekuwa misumari na mabati. Lakini wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo kubwa ya chombo hiki ni watu waliokijua. Chuma chaweza kungoja miaka 50 chini ya mti, kikasuguliwa kikang'aa tena. Mtu hawezi kungoja hivyo. Wazee walioendesha injini hizo, waliochochea moto wake na waliozitengeneza katika karakana za Nairobi wanapungua kila mwaka, na kila mmoja huondoka na kitu kisichoandikwa katika kitabu chochote.

Basi, kijana usomaye ukurasa huu, ikiwa katika ukoo wenu au kijijini kwenu yuko mzee aliyefanya kazi ya reli, mwendee wakati wa likizo, umwamkie, uketi. Mpige picha kwa idhini yake, ndiyo, lakini usiondoke hapo. Mwulize alijuaje kuwa maji yamepungua. Aliamka saa ngapi. Mkono wake ulishika nini kwanza alipopanda injini. Kosa gani liliogopwa kuliko yote. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe, na jina lake kamili. Kalamu na daftari vyatosha kwa kazi hiyo, wala haihitaji nauli ya kwenda Wales.