Miti ya kuni iliyogeuka makao ya ndege

Jumapili iliyopita nilimwamsha binti yangu wa miaka kumi kabla ya jua kuchomoza. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa langoni mwa bustani ya miti ya Arboretum, karibu na katikati ya jiji la Nairobi, tukiwa na darubini ya kuazima, daftari na chupa ya chai. Usichelewe, mpenzi msomaji. Jua likishakuwa kali, ndege huwa wamekwisha kula na kujificha.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, kwani magarimoshi ya wakati huo yalitumia kuni. Hivyo miti iliyoletwa kwa ajili ya moto ndiyo leo makao ya ndege.

Kwa nusu saa hatukuona ila kunguru na kwarara wenye makelele. Binti akaanza kununa. Nikamwambia asimame kimya, asikilize kwanza, atazame baadaye. Kweli, subira huvuta heri. Mara ndege wa kijani akaruka kutoka mti hadi mti, mabawa yake yakawaka mekundu. Huyo ni shorobo. Wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba, isiyopatikana ila kwa ndege wa jamii yake.

Karibu na mto Kirichwa Kubwa tulikuta pasa, wale ndege wa hudhurungi wenye mikia mirefu, wakitambaa matawini kama panya. Nilipokuwa mvulana kijijini niliwaua wengi kwa manati, maana walitumalizia mapapai.

"Baba, hata hawa uliwapiga?" binti akaniuliza.

"Niliwapiga."

"Mkawala?"

"La, hatukuwala."

Hakusema neno. Alifungua daftari akaandika: Pasa, saba.

Tulipokuwa tukiondoka, hondohondo wawili walipita juu, mabawa yakivuma. Nikamweleza kwamba jike hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba tu. Kwa ufa huo dume humlisha yeye na makinda. Mche uliopandwa leo hauna tundu kama hilo. Mti mkongwe ukikatwa kupisha barabara au jumba, hata tukipanda miche kumi badala yake, hondohondo amekosa nyumba kwa miaka mingi.

Langoni binti aliniuliza kama ile manati bado iko kwa nyanya. Nilimjibu kwamba huenda imo darini.

"Basi Desemba tukienda," akasema, "tumpe nyanya aitie jikoni pamoja na kuni."

Nimekubali.